Baiskeli Nyepesi ya Kwenda Kigoma

Jumamosi

Nusura Fundi Saidi anilize. Nilimwachia baiskeli kwenye karakana yake mtaani Jabe aipunguzie uzito, maana wiki ijayo napanda boti hadi Kigoma, kisha niizunguke Tanzania nisiyoijua. Leo nakuta ameiongezea vyuma vya kubebea magunia ya makaa!

"Dada, safari ya mbali bila mzigo? Huyo ni mutu anakimbia vita."

"Vita mi nilishakimbia, fundi. Nilitoka Uvira na godoro kichwani. Sasa naenda kutembea tu."

Akachukua msumeno. Vyuma vikaanguka kimoja kimoja, huku tunacheka.

Nitabeba nguo mbili, pampu na sufuria ndogo. Milima naiogopa, sidanganyi. Lakini hapa chumbani nimeinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, mara tatu, bila sababu.