Matundu Mawili Ubavuni mwa Bunduki Yako

Ndugu yangu Kasongo,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, na sikuwa mgonjwa wala sikukosa karatasi. Sikutaka kukuletea habari nusunusu. Wewe ndiwe uliyenifunza kutomrudishia mteja bunduki ambayo skrubu zake hazijakazwa zote.

Leo ninayo habari. Leseni ya Furaha imetoka. Bunduki yako ya wenzo, ile ya kukokiwa kwa mkono wa chini, uliyoitunza kuliko viatu vyako vya kanisani, sasa ni ya binti yako kisheria. Amealikwa kuwinda swalapala katika shamba moja huko kaskazini, baridi ikianza, naye ameniomba nimwekee vilengeo sawasawa. Nilimwambia kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Nilikosea.

Nilianza vizuri. Kinundu cha shaba kilichoko mwishoni mwa mtutu, ndicho kilengeo cha mbele, kilikuwa kimelegea. Nikakigonga kikatoka, nikachagua kingine chenye uso bapa, kwa sababu cha mviringo hung'aa upande mmoja juani na kumdanganya mlengaji. Kilengeo cha nyuma sikukigusa. Mkato wake uliuchonga kwa tupa siku tatu, ukiupima kwa jicho lako, na nilipokusahihisha Kiswahili chako cha Lubumbashi ulinijibu bila kuinua kichwa: "Mwalimu, hii chuma haiko mwanafunzi yako."

Tukaenda kwenye kiwanja cha shabaha. Nilipiga mimi kwanza, nikirekebisha, hadi risasi tatu zikatua mahali panapofunikwa na kisosi cha chai. Nikampa Furaha. Zake zote zilipita shubiri moja juu. Nikamkaripia: bega limelegea, pumzi haijatulia, kifyatulio anakivuta kwa pupa. Akarudia, zikapita juu vilevile. Mara ya tatu akaiweka bunduki mezani, akanigeukia.

"Eish, Mwalimu, unanifundisha mimi ama unamfundisha Papa?"

Wewe ulizoea kuikalisha shabaha juu ya kinundu, kama mpira juu ya mdomo wa chupa. Nami, niliyeacha chaki Kigoma nikawa mwanafunzi wako uzeeni, nilisimama kando yako miaka kumi na mmoja katika karakana ile ya bunduki huku ugenini Midrand, nikauchukua ulengaji wako bila kujua. Furaha hulenga katikati kabisa, ndiyo maana risasi zake zilipita juu. Bunduki ile nilikuwa nimemwekea mtu aliyelala kaburini. Niliinama nikajifanya ninaokota maganda ya risasi, ili asiuone uso wangu.

Kosa hilo nimelisahihisha. Hata hivyo, lilinifunulia jambo jingine: kwa miwani yake, Furaha hawezi kuuona mkato, kinundu na shabaha kwa pamoja. Kimoja humpotea daima. Anahitaji kilengeo cha tundu, kile kisahani chenye kitobo kinachokaa karibu na jicho. Jicho hujitafutia katikati lenyewe, na mlengaji hubaki kukitazama kinundu tu. Niliifunga bunduki kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, nikabandika washa ndogo, kipete bapa cha chuma, kwa utepe mahali panapofaa, nikamwambia achungulie.

"Sharp," akasema. "Sasa naona."

Lakini kilengeo hicho hakishikwi na utepe. Kinataka matundu mawili katika ubavu wa kushoto, katika chuma ambacho hakijawahi kuguswa na keekee. Kinundu cha mbele nacho itabidi kirefushwe, kwa kuwa jicho litatazama kutoka juu zaidi. Mkato wako utaondolewa na kuwekwa kwenye droo, na matundu hayo hayatazibika tena bila kuacha alama.

Mimi nasema tutoboe. Sina shaka yoyote, na najua nawe usingekuwa nayo: mnyama asijeruhiwe akaenda kufia vichakani kwa sababu sisi tunaomboleza. Nimepima mara tatu na kutia alama za penseli. Anayesita sasa ni Furaha, yuleyule aliyelifurahia tundu. Huja karakanani baada ya kazi, akapitisha kidole gumba kwenye mkato wako, akaondoka. Jumapili, tulipotoka kanisani hapa Yeoville, aliniambia, "Nipe siku kidogo, Mwalimu. Nikitoboa, haitakuwa tena ya Papa."

Nimempa. Sikumshawishi, ingawa ulimi uliniwasha. Bunduki si yangu na, unisamehe kwa kulisema, si yako tena. Amewaarifu wenyeji wake shambani kwamba asipoweza kulenga kwa hakika, hataenda. Hapo nilijivunia malezi yako.

Lala salama, fundi wangu. Tukitoboa au tusipotoboa, siku atakayoamua nitakaa hapa mezani nikuandikie, na nitakueleza risasi zake zimetua wapi.

Rafiki yako,
Mwalimu Barnaba