Gaudence hana upande

Nasma, uko? Nimekaa nachambua maharage hapa nyumbani Mfaranyaki, Gaudence yuko pembeni, tunaongelea posa atakayoleta Jumamosi. Mara dada yake Hilda akaingia, hata hodi hakupiga.

Mume kamkimbia, kamwachia watoto watatu. Anaomba kipande cha shamba la marehemu baba yao kule Matogoro, alime mahindi. Baba wadogo wamemwambia mwanamke harithi.

Unajua mchumba wangu alifanya nini? Aliongeza sauti ya mpira kwenye simu.

"Kaka, na wewe unasemaje?"

"Mimi sina upande. Hayo mambo ya haki za wanawake jadilianeni wenyewe."

Hana upande, Nasma. Mtu wa amani kabisa. Nilitamani nimwongezee chai kwa utulivu ule.

Mimi unanijua, huwa siongei. Lakini niliutua ungo kwa kishindo mpaka maharage yakamwagika chini, nikajikuta nauliza: "Gau, tukijaliwa mtoto wa kike, hapo utakuwa na upande?"

"Careen, usianze na wewe. Nimeshasema sina upande."

Mara ya pili hiyo. Na macho yake bado kwenye mpira.

Hilda akamuuliza taratibu, "Hilo shamba la baba, sasa hivi analilima nani?"

Gaudence akazima simu. Mechi haijaisha, lakini akazima.

Halafu, akiyaangalia maharage yangu pale chini, akasema:

"Sasa nikikubali kwamba una haki, mimi nitalima wapi?"