Mama, Haikukuwa Pepo

Mama,

Ni mimi Masika, binti yako. Hata kukuandikia naona haya.

Ulianza na vitu vidogo. Chumvi mu chai. Kuuliza mara ine kama baba amerudi kutoka ku shamba, na baba tulimuzika zamani. Kisha ukaniita mwizi mbele ya bageni, ati nimeiba kitenge yako, na ulikuwa umeivaa. Nilikupigia makelele: "Unafanya makusudi!" Ukaniangalia tu, kama mutoto mwenye hajui kosa yake.

Bamama ba kikundi ya maombi balisema ni pepo. Ni mimi nilikupeleka kwabo, mu muji wa Beni. Ni mimi nilikubali siku tatu bila kula. Siku ya pili ulinikamata nguo, ukasema, "Mama, niko na njaa." Uliniita mama. Nikageuza uso, nikaendelea kuimba pamoja nabo.

Kambale, ndugu yangu, ndiye alikutoa kule, akakupeleka Kampala. Mimi nilifuata tu. Daktari alikuuliza maswali, akakuambia uchore saa, kisha bakakuingiza mu scanner. Akatuonyesha picha ya ubongo yako. "Angalieni hapa, umepunguka. Tukiweka picha hii pamoja na yale maswali, tunaona ni ugonjwa ya kusahau. Kuiponya hatuwezi, lakini mutu anatunzwa, anaongeleshwa polepole." Kambale alilia. Mimi niliuliza choo iko wapi, nikajifungia mule.

Ile picha niliificha mu sanduku, chini ya nguo. Ku matanga yako, muchungaji alipomushukuru Mungu ati alikufungua na pepo kabla ya kufa, niliitika amina. Ile amina, Mama, inanikula mpaka leo.

Sasa mama mudogo Kahindo, ule mudogo wako mwenye anakaa ku Masereka, ameanza kupotea njia ya kwake. Kikundi kilikuwa kimeshamupangia kufunga. Basi siku ya Yenga, siku ya ibada, nilisimama mu kanisa na ile picha mu mukono. Nikasema yote, hata vile ulilia njaa. Bengine balitoka. Muchungaji aliinamisha kichwa.

Kesho asubui napanda pikipiki kwenda kumuchukua. Kambale anatafuta daktari. Batoto nimebaambia bibi anakuja, basimucheke.

Pumzika, Mama yangu. Sikuombi unisamehe leo. Nakuahidi tu kitu moja: huyu mudogo wako, sitamupa mutu yeyote.

Masika