Jicho la Sarafu Yako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hapa Katesh upepo ni ule ule, na Mlima Hanang umejifunika mawingu tangu asubuhi. Nimekaa mlangoni mwa duka lako la mashuka, sarafu yako iko kiganjani, na nahisi ukikohoa tu nitageuka nikuone.

Unakumbuka siku uliyorudi nayo kutoka mnadani? Ulitoka na redio yetu ukaiuze, ukarudi na kipande kinene cha fedha ulichobadilishana na msafiri mmoja. Upande mmoja una uso wa mwanamke mwenye kofia ya vita, upande wa pili bundi. "Hii ni ya kale, ya Wayunani," ulisema. Mama akakutazama mbele ya wateja wote.

"Umepigwa, baba Zaina. Redio ilikuwa inaongea. Hiyo inaongea?"

Watu walivunjika mbavu. Wewe pia ulicheka, lakini nilikuona ukiificha sarafu mfukoni.

Bundi hakuruhusiwa kuingia nyumbani, basi akawa analala dukani. Jioni ulikuwa unaniita tuigeuzegeuze kwenye mwanga wa mwisho, unaniuliza, "Mwanangu, huyu mama anamwangalia nani?" Mimi nilidhani ananiangalia mimi. Ulichukia ule mkato mrefu kwenye ubavu wa bundi. Ulisema mtu ameiharibu. Nilizipenda mno jioni zile, Baba.

Kumbe swali lako ndilo lenyewe. Kwenye makumbusho ninakofanya kazi nimefundishwa kuanza na jicho. Katika sarafu za zamani zaidi, uso umegeukia pembeni lakini jicho linakutazama wewe. Miaka ilivyokwenda, mafundi wakaligeuza nalo litazame pembeni. La kwako ndiyo kwanza limeanza kugeuka: kama miaka elfu mbili na mia nne iliyopita. Herufi zilizo kando ya bundi zinataja Athene, ingawa Misri nako waliziiga, na hapo bado nasitasita. Na ule mkato? Ni mfanyabiashara mwenzako wa enzi hizo. Aliingiwa na wasiwasi, akaichanja aone kama ndani ni shaba. Ndani ni fedha tupu. Hukupigwa, Baba.

Jana nilimweleza Mama. Aliipapasa sarafu kwa kidole gumba. "Nilimcheka mbele za watu," alisema. Akalia, nami nikalia.

Leo ni siku ya mnada. Tangu tufungue duka, Mama anamsimamisha kila anayeingia, hata aliyefuata shuka moja tu, anamwambia kwa sauti, "Mume wangu alikuwa anajua kitu." Wafugaji wa Getanuwas hawaelewi anasema nini, wanaitikia kwa adabu. Sasa hivi namsikia anaanza tena.

Pumzika kwa amani, Baba. Nilitaka tu ujue anavyokusifu.

Binti yako wa kwanza,
Zaina