Jumatano ya Bure Msituni

Jumanne, 5 Machi
Wameweka geti msituni. Bango jipya, rangi bado inanuka. Kila mtu alipe – mwenye baiskeli, mpiga picha, hata sisi wa miguu. Kulipa kila siku hatuwezi. Na nesi alisema mwanangu, Kifaranga, atembezwe kila siku, kwenye ardhi laini. Ardhi laini iko huko, juu ya majani. Nyumbani saruji, njiani kokoto. Miaka mitatu, na bado anasimama kwa kushika kidole changu. Baba yake anasema tungoje mambo yakae sawa. Miguu nayo ingoje?

Alhamisi, 14 Machi
Mkutano wa maoni. Nilisimama. Nikasema walipe wenye baiskeli, ndio wanaochimbua njia. Mama na mtoto wapite. Bwana Misitu akasema haki ni wote sawa. Mwenye baiskeli mmoja akanitania, eti dada, mwanao naye si umfungie matairi. Wakacheka. Nikamwambia angekuwa nayo nisingekuja hapa. Mwisho tukapewa Jumatano, bure. Nimerudi naimba!

Jumatano, 20 Machi
Bure ya wote, kumbe. Baiskeli za mji mzima zilikuwa zinaingoja Jumatano yangu. Kengele, muziki, picha. Kifaranga akaachia kidole – hatua moja, ya pili – baiskeli ikapita mbele ya pua yake. Akakaa chini. Hakutaka tena kusimama. Nimembeba mpaka nyumbani. Siku nimeidai mwenyewe. Nimejipalia makaa.

Ijumaa, 22 Machi
Siku ya kulipa, msitu mtupu. Tulikaa nje ya geti, tuone miti tu. Mlinzi, tunamwita Kofia, kasema huruma anayo, ila huruma haina risiti. Nikainamia mkoba kutafuta kitambaa, nimfute mtoto kamasi. Kuinuka – Kifaranga kapita chini ya chuma cha geti. Peke yake. Anatembea juu ya majani, mikono juu kama anavuka mto.

Kofia akasema, mama, mwite mwanao. Akarudia, taratibu, macho yake kwa mtoto.

Sikumwita.

Alirudi mwenyewe, alipochoka. Kofia kasema tusije tukamponza, kesho Bwana Misitu atasimama getini yeye mwenyewe.

Kifaranga kalala na viatu, majani yamo ndani. Nimefungua kamba. Nimezifunga tena.