Sahani Niliyokutengea

Mjukuu wangu Anastazia,

Mimi babu yako nina miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko ndugu zangu wote sita, kuliko wake wawili, kuliko baiskeli nne, na kuliko daktari aliyesema mapafu yangu hayatafika Pasaka. Yeye tulimzika, na jeneza nilibeba mimi. Shule niliishia darasa la pili, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu anitungie. Aisome yeyote anayetaka. Nimechoka kuona kinyaa peke yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakula. Ugali wa ulezi, sahani moja, wewe na mimi na wadogo zako, na mkono wako unavuka kuja kupora maharage upande wangu. Unasema, "Mzee mwenye meno manne ana haraka gani?" Nami nakujibu, "Mke gani huyu mlafi, nitakurudisha kwenu." Kaengesa nzima hapakuwa na babu mwenye mke wa mdomo kama wako.

Kisha ukaanza kukonda na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Tukakupeleka Sumbawanga, wakasema ni kisukari, utajichoma sindano siku zote. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nikajiona hodari. Nilifukia chungu kwenye mchanga uliolowa maji ili dawa yako isipate joto, na vijana wa hapa walikuja kuangalia, maana wenyewe wasingeweza. Nikanunua sahani yako, kikombe chako, sufuria yako ndogo. Nikakuwekea kigoda karibu na mlango, ule peke yako. Nilijisifu mpaka kigangoni kwamba najua kutunza mgonjwa.

Halafu ikaja ile siku jumuiya iliposali kwetu. Kata ya togwa ikazunguka. Wewe ulionja kidogo tu, ukampa jirani yetu Mama Skola. Akafuta ukingo kwa kanga, akafuta tena, akaipitisha bila kunywa. "Siyo kwa ubaya," akasema, "ila damu yake ina kitu." Watu wazima wametoka kusali sasa hivi, rozari bado mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba kisukari hakiambukizi. Mimi nilikuwa najua, nesi alishaniambia. Nikanyamaza. Ningesema nini, na kigoda chako kipo pale mlangoni kila mtu anakiona? Ule mkono unaofuta kata unanitia kichefuchefu mpaka leo. Ukimya wangu ndio unaonitapisha kabisa.

Hukulia. Uliacha sindano tu. Ukawa unazitupa chooni, unakula walichokula wasichana wenzako, ili ufanane nao. Tulikuokota shambani wakati wa kuvuna ulezi, unatapika, unahema kama umekimbia toka Laela.

Hospitalini nesi Leokadia alikuuliza, "Moyoni unajisikiaje?" Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Binti, huyu anaumwa sukari, moyo wake mzima."

"Babu," akasema, "huyu hakusahau sindano. Amezichoka. Na kuchoka huko nako kunatibiwa."

Akasema uende kila Jumamosi, vijana wenye kisukari wanakaa pamoja naye wanaongea. Niliona upuuzi. Maneno yanashushaje sukari? Lakini nilikupeleka. Jumamosi ya tatu, kwenye basi la kurudi, ulinipima sukari mimi kwa kile kimashine chako, ukaniambia damu yangu imechacha. Ulicheka mpaka kondakta akageuka. Na sindano ulikuwa umezirudia.

Jumamosi ya nne nikasimama dirishani kusikiliza. Ulikuwa unawaambia, "Babu ananipenda, lakini amenitengea sahani. Nikila pale mlangoni najiona kama mbwa."

Mtu mwenye akili angeondoka hapo kimya. Mimi niliingia na fimbo. Nikasema mbele ya wenzako, "Muongo huyu. Nani kati yenu amenunuliwa sahani mpya?" Kijana mmoja akasimama akasema, "Shikamoo babu. Hapa wazee hawaingii." Nikakuvuta mkono mpaka stendi. Wiki ile ile ukaenda Mbeya kwa shangazi yako, na simu yangu hupokei.

Nimewachukia watu wengi, na kila mmoja nilikuwa na sababu yake. Sasa namchukia mzee mmoja, naye amevaa koti langu.

Shangazi yako ameniambia kwamba sindano siku nyingine unachoma, siku nyingine huchomi. Na huko Mbeya kuna vijana wanaokaa na kuongea vilevile, ukaalikwa ukakataa. Umesema huongei tena mahali ambapo mtu anaweza kuingia na fimbo.

Niliposikia hivyo nilirudi kwa wale wenzako wa Jumamosi. Safari hii nilibisha hodi na fimbo nikaiacha nje. Nikawaambia aliyesema uongo siku ile ni mimi. Hawakunipigia makofi, na walifanya vizuri. Mama Skola nilimwambia mbele ya jumuiya kwamba kisukari hakiambukizi, na tangu hapo hatusalimiani.

Sikuombi urudi. Wala usinisamehe kwanza. Jumamosi nenda kwa hao vijana wa Mbeya, kaa, unisengenye. Waambie yote, ya kigoda, ya kata, ya fimbo. Niseme vibaya mpaka uchoke, halafu uchome sindano.

Na mtu akikuambia unamsingizia mzee wa watu, amuulize nesi Leokadia, aliyekuwa hatua mbili kutoka nilipokuvuta. Amuulize kijana aliyesimama kunizuia, anaitwa Deo. Wakikosekana hao, anipigie mimi mwenyewe. Nitamwambia Anastazia amesema kweli, tena amenipunguzia.

Babu yako