Figo ya Kushoto

3 Machi

Mdogo wangu Masihara,

Hujambo? Bucha linaendeleaje? Mimi sijambo kidogo. Maini uliyonitumia nimeyala yote, lakini damu haijapanda. Daktari amenieleza kwamba figo, mbali na kuchuja uchafu, ndizo zinazouagiza uboho wa mifupa utengeneze damu. Zangu zimechoka, hazitumi tena agizo. Kwa hiyo hata nikimaliza maini ya ng'ombe kumi, ni kazi bure. Sasa nachomwa sindano ya kuongeza damu, na mara tatu kwa wiki nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima. Naogopa, sikufichi. Figo ya ndugu ingeniondoa hapa, na tumbo la mama lilitutoa wawili tu.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye gogo la nyama, mteja akaninunia. Sasa unabembeleza nini? Chukua moja. Figo nazijua mimi: zimekaa mgongoni chini ya mbavu, zimevaa mafuta, kila mnyama mbili. Moja itanitosha, kwani mimi nina kazi gani kubwa? Kesho kutwa nakwenda kupimwa.

Mdogo wako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mashine haikutesi sana. Damu zetu zimepatana. Lakini picha imeonyesha nina figo moja tu, ya kulia. Ya kushoto haipo; nimezaliwa hivyo na sikujua. Wamekataa kuitoa. Nisamehe.

Mdogo wako

8 Aprili

Masihara,

Siku ya harusi yangu ulisema umelazwa, kumbe uko mpirani. Siku ya kuhama ulivunjika mkono, jioni ukapona. Nilicheka zote mbili. Leo una figo moja, wewe ambaye mwezi jana ulikuwa nazo mbili. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kama muuza nyama ameogopa kisu, angesema ameogopa. Usiniandikie.

Dada yako

20 Julai

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu Aprili, tatu hukuzijibu. Sina neno jipya. Nimeweka humu picha yenyewe.

Mdogo wako

1 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Picha nilikwenda nayo kwenye mashine. Muuguzi akaiinua dirishani akanionyesha: upande mmoja figo kubwa, imenenepa kwa kufanya kazi ya figo mbili, upande wa pili hakuna kitu. Nililia mbele ya wagonjwa wenzangu, nikaona haya. Miezi yote hii nimekuita mwongo, nawe siku moja uliyosema kweli ndiyo niliyokukatalia. Nisamehe wewe.

Hiyo moja uitunze. Pima presha, na dawa za maumivu usizimeze ovyo. Mimi figo nyingine sijui itatoka wapi. Kwa sasa ni mimi na mashine. Njoo Jumatano. Kando ya kitanda pana kiti, na saa nne ni nyingi mno bila mtu wa kunidanganya.

Dada yako